Kuvu Iotayo Katika Milango ya Moyo

Mwezi wa Februari mwaka huu Mwalimu wetu wa Bayolojia alikwenda buchani akanunua mioyo miwili ya ng'ombe, akatuletea darasani ndani ya ndoo. Wenzangu walifurahi, maana walidhani somo likiisha nyama ile itakwenda jikoni. Haikwenda. Kwa muda wa vipindi viwili tuliikata, tukaiosha, tukatia vidole katika kila tundu. Mimi nilikaa mbele kabisa, nikauliza maswali mengi hata wenzangu wakaguna. Sababu ya maswali yale sikuisema siku ile. Naiandika leo kwa ruhusa ya mtu ambaye habari hizi ni zake, naye ameweka sharti moja tu, kwamba jina lake lisitajwe.

Tulichokiona ni hiki. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu iliyokwisha kuzunguka mwilini huja kwa mishipa ya vena mpaka chumba cha juu cha kulia, hushuka chumba cha chini cha kulia, nayo husukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa safi. Kisha hurudi upande wa kushoto, na kutoka hapo hutumwa mwili mzima. Katika njia hiyo iko milango minne ambayo huitwa vali, na kila mmoja hufunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kulia una mapazia matatu. Mwenzake wa kushoto una mapazia mawili. Mwalimu alimimina maji katika chumba cha chini, na mapazia yale yakainuka yenyewe, yakakutana katikati, yakafunga. Tulipiga makofi. Nilipopitisha kidole nyuma ya pazia niliiona rangi ya kidole changu, kwa jinsi lilivyo jembamba, na kwa chini limefungwa nyuzi nyeupe mfano wa mshipi wa kuvulia samaki. Katika moyo wa binadamu milango hii hufunguka na kufungwa kama mara 100,000 kwa siku moja.

Mwalimu akatuambia kwamba mapazia yenyewe karibu hayana mishipa ya damu ndani yake. Hapo nikauliza: "Mwalimu, kidudu kikishika katika pazia, askari wa damu watafikaje?" Akanitazama kidogo, akajibu, "Hawafiki vizuri. Damu yapita juu yake mbio mbio kama gari lisilosimama kituoni." Nikaandika maneno hayo katika daftari langu. Nilikuwa nimekwisha kuyajua kwa njia nyingine.

Ninaye kaka, mtoto wa Mama Mkubwa, ambaye tumelelewa nyumba moja Dar es Salaam. Ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu nilipokuwa darasa la nne. Katika likizo ya Desemba, nilipomaliza Kidato cha Pili, niliingia chumba cha uani kutafuta ufagio, nikakuta kijiko kilichopata masizi kwa chini, nusu ya ndimu, na bomba la sindano. Kaka alitokea nyuma yangu. Hakukasirika. Alisema, "Mdogo wangu, usimwambie Mama." Nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa kumpenda au kwa kuogopa.

Likizo ya Juni iliyofuata nilimkuta ana homa. Homa yenyewe ilikuwa ya kupanda na kushuka, na usiku alitoa jasho hata shuka ikaloa. Mama Mkubwa alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Mganga alimpima malaria, kipimo kikaonyesha hana, lakini akaandikiwa dawa ya malaria vile vile. Safari ya pili akaambiwa ni homa ya matumbo. Safari ya tatu alikuwa anakohoa na kuchomwa kifuani, basi wakachukua makohozi kutafuta kifua kikuu, wasikione. Mganga hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza waziwazi, "Je, kuna dawa nyingine yo yote unayotumia?" Kaka akanitazama, akasema hakuna. Nami niliyekuwa nimesimama pale nikatazama sakafu. Wiki sita zilipotea namna hiyo.

Kabla ya kuendelea na kaka yangu yafaa nieleze kuvu ni nini, kwa kuwa wengi hudhani ni uchafu wa ukutani tu. Katika Kidato cha Pili tulisoma kwamba kuvu ni himaya nzima ya viumbe, si mimea wala si wanyama. Uyoga ni katika himaya hiyo, ukungu wa mkate vile vile, na hamira pia. Mama Mkubwa hupika maandazi ya kuuza, naye huumua unga tangu usiku. Kinachoumua unga ule ni maelfu kwa maelfu ya viumbe vya seli moja moja. Hamira huzaana kwa kuchipua, yaani kinundu huota ubavuni mwa seli, kikakua, kikajitenga. Sasa yuko ndugu yake hamira aitwaye Kandida, naye huchipua kwa namna iyo hiyo. Ni mdogo hata seli zake kama 200 zikipangwa mstari mmoja zatosha milimita moja tu. Kandida hakai mbali nasi. Yumo kinywani, yumo matumboni, na aina moja hupenda kukaa juu ya ngozi ya mikono. Ule utando mweupe katika vinywa vya watoto wachanga ni kazi yake. Katika mtu mwenye afya hakai kwa kudhuru, kwa sababu ngozi na askari wa mwili humzuia asiingie ndani.

Sindano huvunja kizuizi hicho. Mtu anayejidunga unga, yaani heroini, hutoboa ngozi mara kadhaa kila siku, miezi na miaka. Kila mara huingiza katika vena cho chote kilichomo: chembe za ngozi, mate kama ameilamba sindano, maji yasiyochemshwa, na vumbi la vitu vilivyochanganywa na unga na wauzaji, ambavyo hakuna ajuaye ni vitu gani. Vena zitokazo mwilini mwisho wake ni chumba cha juu cha kulia. Ndiyo maana kwa watu wanaojidunga, mlango unaopata taabu zaidi ya milango mingine ni ule wa mapazia matatu. Ndio wa kwanza kukutana na kila kilichoingia. Madaktari wengi hufikiri kwamba vumbi lile hulikwaruza pazia, na mahali palipokwaruzwa ndipo kidudu hushika. Kikishashika, damu hugandia juu yake, kikaendelea kuota ndani ya ganda hilo, na ganda likawa kinyama kinachoning'inia.

Kuhusu ndimu niliyoikuta uani, nilisoma jambo lililonistaajabisha. Unga wa rangi ya kahawia hauyeyuki vizuri katika maji matupu, na watu hutumia maji ya limau. Miaka ya 1980 huko Hispania na Uskoti walitokea vijana wengi waliojidunga ambao Kandida aliwaingia machoni hata baadhi yao wakaharibika macho, na wengine walipata majipu kichwani penye nywele. Madaktari walipofuatilia waliona njia yake ilikuwa maji ya limau yaliyoingiwa na kuvu. Limau kali namna ile, ambalo sisi twadhani huua kila kidudu, Kandida hukaa ndani yake bila shida.

Isidhaniwe kwamba kila ugonjwa wa vali ni wa kuvu. Kwa kweli mara nyingi huwa ni bakteria, hasa yule aitwaye Stafilokokasi aletaye majipu. Katika wagonjwa 100 wa vali zilizoshambuliwa na vidudu, wenye kuvu ni kama mmoja au wawili tu. Lakini hao wachache ndio walio katika hatari kubwa kupita wengine. Kwanza, dawa zinazoua bakteria hazimfanyi kitu Kandida. Pili, vinyama vya kuvu huwa vikubwa. Kipande kikikatika upande wa kulia huenda kuziba mishipa ya mapafu, na mgonjwa hukohoa na kuchomwa kifuani, ndipo hudhaniwa ana kifua kikuu. Kikikatika upande wa kushoto chaweza kwenda ubongoni, au jichoni, au kuziba ateri kubwa ya mguu hata mguu ukawa baridi ghafula. Tena Kandida hujifunika kwa utando ambao dawa hupenya kwa taabu. Yuko na kuvu mwingine, Aspajilasi, jamaa ya ule ukungu wa mahindi na karanga utoao sumukuvu. Huyo naye aweza kukaa katika vali, na ubaya wake ni kwamba damu ikiwekwa katika chupa ya kuoteshea vidudu yeye mara nyingi haoti, kwa hiyo daktari hutafuta asipate.

Ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwaka 1940 huko Marekani madaktari wawili, Joachim na Polayes, waliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akijidunga heroini, na kuvu ikaonekana katika vali ya moyo wake. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kumponya mtu mwenye kuvu katika vali. Antibiotiki ya kwanza iliyofaa kwa kuvu za binadamu ilipatikana mwaka 1950, na nawaomba wasichana wenzangu wasome hapa kwa makini: ilipatikana kwa akina mama wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Mmoja alikaa jiji la New York na mwenziwe Albany, wakawa wakitumiana chupa za udongo na dawa kwa posta. Udongo uliotoa dawa yao ulitoka katika shamba la rafiki yake Hazen. Waliiita nistatini kwa jina la jimbo lao, nayo mpaka leo hutiwa vinywani mwa watoto wenye utando. Lakini nistatini haifai kutiwa damuni. Ilibidi kungoja miaka michache tena ndipo ikapatikana amfoterisini, kutoka katika kijidudu cha udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, Venezuela. Mimi hupenda kufikiri kwamba dawa mbili za kuvu zilitoka katika udongo tunaoukanyaga.

Narudi kwa kaka yangu. Mwisho alizidiwa, akapelekwa hospitali kubwa. Huko alipokewa na daktari mwanamke, mtu mzima, ambaye kabla ya kuuliza neno alimkunja mkono wa shati. Akaona makovu katika njia ya vena. Akaweka chombo chake kifuani akasikiliza kwa muda mrefu. Kaka asema alikuwa amejiandaa kukaripiwa, wala hakukaripiwa. Daktari alisema tu, "Kijana wangu, nataka kujua unajidunga mara ngapi kwa siku na unayeyushia nini. Sitamwita polisi. Nataka nijue nitafute nini." Basi akamweleza yote, hata ndimu, hata kwamba alikuwa na desturi ya kulainisha sindano kwa ulimi.

Siku ile alitolewa damu mara tatu, kila mara kutoka mahali pengine, ikatiwa katika chupa za kuotesha vidudu. Kisha moyo ulipigwa picha kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho madaktari hukiita eko. Kaka aliiona picha mwenyewe katika kioo. Asema pazia moja la ule mlango wa matatu lilikuwa na kitu kama tunda dogo, na kila moyo ulipopiga tunda lile liliruka huku na huku. Alipewa kwanza dawa za bakteria, kwa kuwa bakteria ndio wengi na chupa huchukua siku kadhaa kutoa jibu. Jibu lilipokuja, mtaalamu wa maabara aliona chini ya hadubini seli za duara zenye vinundu ubavuni. Ni Kandida. Hizi habari nilizipata siku ya kutembelewa, kwa kinywa cha Mama Mkubwa, naye alizieleza kwa maneno yake: "Wamesema ni hamira, mwanangu. Hamira imeota moyoni mwa mtoto wangu." Nikamwambia si hamira yenyewe bali ni ndugu yake, kisha nikaona aibu kwa kumsahihisha mtu anayelia.

Daktari hakuweza kusema kwa hakika kama Kandida aliingia kwa ngozi, kwa mate au kwa ndimu. Njia zote tatu zilikuwa wazi.

Tiba ya kuvu ya vali ni ndefu na ngumu. Amfoterisini hutiwa katika mshipa kila siku, nayo huweza kumtia mgonjwa baridi na kutetemeka na kudhuru figo, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Zipo leo dawa nyingine mpya zaidi za kutiwa mshipani, ila si kila hospitali inazo. Tena dawa peke yake mara nyingi haitoshi, na madaktari hushauri kifua kifunguliwe, kile kinyama kiondolewe, na vali itengenezwe au ibadilishwe. Baada ya upasuaji dawa ya mshipani huendelea si chini ya wiki sita, kisha mgonjwa hupewa vidonge vya flukonazoli kwa muda mrefu sana, wengine kwa maisha yao yote, kwa sababu Kandida ana tabia ya kurudi baada ya miezi au hata miaka. Pamoja na hayo yote, katika hesabu nyingi za madaktari wafao hukaribia nusu ya wagonjwa. Sikuambiwa hesabu hiyo wakati ule. Niliisoma baadaye, naye kaka amekwisha kutoka hospitali, na nilipoisoma nilikifunga kitabu.

Alipasuliwa mwezi wa Agosti. Kinyama kiliondolewa pamoja na sehemu ya pazia moja, na mlango ukashonwa. Mlango huo wavuja kidogo, na miguu yake huvimba jioni akisimama sana.

Limebaki jambo la unga wenyewe, ambalo watu wengi huuliza kwanza. Kumtibu vali mtu ambaye atarudi katika sindano ni kazi bure, kwa maana vali iliyokwisha kuguswa hushikwa upesi zaidi mara ya pili. Wala si kweli kwamba kuacha ni kukata shauri tu. Kaka alikata shauri mara nyingi kabla ya kuugua, na kila mara siku ya pili maumivu ya mifupa, kuharisha na kukosa usingizi vilimrudisha kijiweni. Kilichomfaa ni methadoni. Hii ni dawa ya maji ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi, nayo huondoa yale maumivu bila sindano. Tanzania ilianza kuitoa Februari ya mwaka 2011 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na baadaye katika hospitali nyingine. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014. Hutolewa bure. Wako majirani wanaosema kwamba ni kubadilisha unga kwa unga mwingine. Mimi najibu kwamba hakuna Kandida anayeingia moyoni kwa kikombe.

Likizo ya Desemba iliyopita nilifuatana naye asubuhi moja. Tulifika saa moja na nusu, tukakuta foleni imekwisha kuwa ndefu: vijana wengi, wazee wawili watatu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hawakuwa watu wa kutisha. Walizungumza habari za mpira. Kaka alipokunywa dozi yake tulikaa chini ya mti nje ya uzio, akameza kidonge chake cha flukonazoli kwa maji ya chupa, nami nikamwambia jambo lililonisumbua tangu Juni, kwamba siku ile mganga alipouliza, mimi nilijua na sikusema.

Akafikiri kidogo, akasema, "Hata ungesema, ningekukana mbele yake. Ningesema wewe mtoto mwongo." Kisha akaongeza, "Lakini labda angenikunja mkono wa shati."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, polepole, kwa sababu ya ile miguu yake. Atapigwa tena picha ya moyo mwezi wa Septemba.